Roho ya Abiria Iko kwa Nani?

Tarehe 16 Septemba 2014 NASA, shirika la Marekani la anga za juu, lilitangaza kwamba wanaanga wake watapelekwa kwenye kituo cha kimataifa cha angani na vyombo vya kampuni mbili: Boeing kwa mkataba wa hadi dola bilioni 4.2, na SpaceX kwa bilioni 2.6. Vyombo vingebaki mali ya kampuni. Serikali ingelipa nauli, kama sisi.

Nilikuwa nikiyaeleza haya kwa Maalim, anayesomesha chuo nyuma ya karakana yetu hapa Kibarani, Mombasa, kando ya njia ya Makupa ambako zamani jalala lilifuka moshi kutwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na roho za hao watu, fundi, amana yake iko kwa nani?"

Nilimjibu haraka kwamba iko kwa mwenye chombo. Maalim hapendi majibu ya haraka.

Kwanza nitoe uzushi mmoja njiani. Watu husema Marekani imewauzia matajiri mbingu. Lakini kampuni ndizo zilizounda vyombo vya Marekani tangu zamani. Kile kilichotua mwezini mwaka 1969 kiliundwa na Grumman. Zamani serikali ilikuwa ikilipa gharama zote za fundi, hata zikipanda, na faida juu yake, kisha chombo kikawa cha serikali. Safari hii bei ilifungwa. Fundi akikosea, hasara ni yake, na Boeing imeshapoteza zaidi ya dola bilioni 1.5 kwa chombo chake cha Starliner. Mkataba wa namna hiyo unamuuma fundi, na ndivyo unavyotakiwa uume.

Wanazuoni walilijua jambo hili kabla ya roketi. Sayyidna Ali amepokewa kwamba aliwatoza mafundi, watia rangi na wafua dhahabu, mali ya watu ikiwaharibikia mikononi, kwa sababu bila hivyo mambo ya watu hayatengenei. Imam Shafi, ambaye ndiye tunayemfuata pwani hii, alisitasita. Rabii mwanafunzi wake amesimulia kwamba rai ya Imam ilikuwa fundi asitozwe ila akifanya uzembe, lakini hakupenda kuitangaza, akichelea mafundi wabaya. Nilipoelezwa hayo nilicheka peke yangu. Mtu aliyeficha rai yake kwa sababu ya mafundi, huyo alitujua.

Sasa tazama pale hukumu hii inapofikia ukomo. Nguo ikiungua, fundi atalipa nguo. Roho je? Diya, fidia ya roho, ipo, lakini diya ni ya waliobaki. Mkataba wa bei iliyofungwa unaweza kumbebesha fundi hasara yote ya chuma na mafuta, wala usiibebe roho hata moja. Kwa hiyo roho inamrudia yule aliyesema, "Pandeni." Hapo ndipo mimi na Maalim tulipokutana, baada ya vikombe kadhaa vya kahawa.

Nimechomea vyuma vya meli miaka mingi, na nitakwambia aliyesema "pandeni" anafananaje. Ni saveya, mkaguzi wa meli. Anakuja na tochi, nyundo ndogo na chaki. Anapita kwenye mshono niliochomea, anagonga, anasikiliza, anapitisha ukucha pale grenda ilipolainisha. Asiporidhika anachora duara la chaki na kuondoka bila salamu. Duara lile maana yake kata, choma upya. Mwenye meli atapiga kelele kwamba gati inamla pesa kwa saa, mimi nitaapa kwamba mshono uko sawa, na huenda kweli uko sawa. Duara halifutwi.

Mwaka 2024 dunia nzima ililiona duara hilo. Starliner iliruka tarehe 5 Juni na Butch Wilmore na Suni Williams, kwa safari ya siku kama nane. Njiani ilikuwa ikivuja gesi ya heliamu, na ilipokaribia kituo vijiroketi vitano vya kuielekezea vikazima. Vinne vilikuja kurudi. Kampuni ilishikilia kwamba chombo kinaweza kuwarudisha salama. NASA walipima wiki baada ya wiki, na tarehe 24 Agosti wakakataa: chombo kirudi kitupu. Wale wawili wakabaki juu mpaka tarehe 18 Machi 2025, wakarudi kwa Dragon ya SpaceX.

Na Starliner? Ilitua New Mexico mwanzoni mwa Septemba, salama salimini, viti vitupu. Vijana wa karakana wakaanza: "Si unaona! Wangepanda tu." Kusema hivyo ni kupima amana kwa matokeo yake. Aliyewekewa fedha akaziacha barazani usiku, asubuhi akazikuta, hajatunza amana, amebahatika. Na aliyezifungia sandukuni usiku ambao mwizi hakuja, hajapoteza nguvu zake bure. NASA walikuwa sahihi tarehe 24 Agosti kwa walichokijua siku ile, na kutua salama baadaye hakukupunguza usahihi huo hata chembe.

Ndiyo maana sina subira na ubishi wa serikali na watu binafsi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka hapa kwetu karibu kabisa na nchi kavu, wakafa watu 272. Ilikuwa ya umma. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ikazama ikitoka Unguja kwenda Pemba, nayo ilikuwa ya mtu binafsi. Zote mbili zilijaa kupita kiasi. Penye gati zote mbili alitakiwa asimame mtu wa kusema hapana.

Maalim alinibana mahali pengine. Wanaanga wenyewe, nilimwambia, walitamka mbele ya waandishi kwamba wanakiamini chombo. Wilmore ni mzee wa kanisa huko Texas, si mtu wa kusema ovyo. Kwa nini ridhaa yao isitoshe? Akasema nafsi ya mtu nayo ni amana aliyopewa, si mali yake, na asichokimiliki hawezi kukisamehe. Nikamuuliza, basi tusivuke bahari? Akasema hatari ya bahari ni ya bahari. Hatari ya mshono ni ya fundi, wala usizichanganye.

Nikamletea la mwisho. Septemba 2021 watu wanne, hakuna hata mmoja aliyekuwa mwanaanga wa serikali, walizunguka dunia siku tatu ndani ya Dragon kwa safari iliyolipiwa na tajiri aliyekuwa mmoja wao. NASA haikuwa mteja. Na sheria ya Marekani tangu 2004 imeizuia serikali kuweka kanuni za usalama wa abiria wa namna hiyo. Abiria huelezwa kwa maandishi kwamba serikali haijathibitisha kuwa chombo ni salama, naye hutia sahihi kwamba ameelewa. Saveya hayupo kabisa, na kutokuwepo kwake kumeandikwa.

Nikasema serikali hapo imeikimbia amana. Maalim akaweka kikombe chini. "Ngoja, fundi. Aliyeikimbia ni yule aliyeipokea kwanza. Huyu amekataa kuipokea, na ametangaza. Mimi nadhani hadaiwi." Nikamwambia mlinda gati hana ruhusa ya kukataa gati. Akaniuliza nani alimpa gati ya mbinguni, na adhana ya isha ikatukuta bado tunabishana.