Kusikia si Kuona, na Picha Je?

Methali hii ni fupi, na mara nyingi hutolewa pale msikilizaji anapobisha. Jirani anakusimulia mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, maji yalivyopanda hadi madirishani, wewe unadhani anatia chumvi. Naye anakukata kauli: kusikia si kuona, ungekuwapo ungenyamaza. Maana ya juujuu haina utata. Habari hupita midomo mingi, na kila mdomo huongeza lake au hupunguza. Wa kuaminiwa ni aliyeshuhudia. Hata sheria imefuata njia hiyo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 inataka jambo lililoonekana lielezwe mahakamani na yule aliyeliona mwenyewe, si na aliyesimuliwa. Darasani ufafanuzi huishia hapo: tusiamini uvumi. Daftari linafungwa, kipindi kimekwisha.

Kwangu mimi, hapo ndipo methali inapoanza kusema.

Chukua kisa cha Nabii Musa. Waislamu wanacho katika Sura ya Twaha na ya Al-Aaraf, Wakristo wanacho katika Kutoka, sura ya 32. Musa yuko mlimani, anaambiwa kwamba huku nyuma watu wake wameanza kumwabudu ndama wa dhahabu. Anapata habari hiyo, na mbao zenye maagizo ya Mungu zinabaki mikononi mwake. Anashuka. Anafika, anamwona ndama, na hapo ghadhabu inampanda, mbao anazitupa chini. Katika hadithi aliyoipokea Imam Ahmad, Mtume Muhammad anakitumia kisa hikihiki kuonyesha kwamba habari si sawa na kushuhudia.

Sasa angalia aliyempa Musa habari ni nani. Hakuwa mpita njia wala mzushi wa kijiweni. Ni Mwenyezi Mungu, na Musa hakuwa na chembe ya shaka. Kwa hiyo aliposhuka na kuona, hakujua jambo jipya hata moja. Yote aliyajua tangu juu mlimani, ila yalikuwa hayajamgusa kwa uzito wake. Hii ndiyo maana ya ndani ya methali yetu, na naiona nzito kuliko ile ya uvumi: mtu anaweza kuwa na ukweli wote kichwani, moyo wake ukiwa bado umekaa pale pale ulipokuwa. Jicho ndilo linaloutikisa.

Wahenga waliotuachia methali hii hawakuijua kamera. Walijua mambo mawili tu, kusimuliwa na kuwapo. Picha iko upande gani? Wengi tutajibu haraka kwamba picha ni kuona. Kabla ya kukubali, twende Kongo.

Mwaka 1890 Mmarekani mweusi, George Washington Williams, mwanajeshi wa zamani na mwanahistoria, alisafiri katika Kongo iliyokuwa chini ya miliki ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alichokiona kilimfanya amwandikie mfalme barua ya wazi. Alieleza jinsi machifu walivyolaghaiwa wakapoteza ardhi zao, vijiji vilivyochomwa, watu waliotiwa minyororo. Barua ilichapishwa, ikasomwa Ulaya na Marekani, watetezi wa mfalme wakaijibu kwa kejeli, kisha ikazama. Williams alifariki mwaka uliofuata, na huko Kongo biashara ya utomvu wa mpira ikazidi kushamiri.

Mei 1904, katika misheni ya Baringa, alifika mtu mmoja aitwaye Nsala, amebeba kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na kiganja cha mkono na wayo wa mguu wa binti yake, mtoto wa miaka mitano hivi. Walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR walikuwa wamekivamia kijiji chake kwa sababu mpira uliotakiwa haukutimia. Alice Seeley Harris, mmishonari Mwingereza, alimkalisha Nsala barazani, viungo vile vikiwa mbele yake, akampiga picha.

Picha hiyo na nyingine alizopiga Harris zilizungushwa katika kumbi na makanisa ya Uingereza na Marekani, zikimulikwa ukutani kwa taa ya slaidi mbele ya umati. Watu waliokwisha kusoma habari za Kongo magazetini wakazipita tu, sasa walitoka wakitaka jambo lifanyike. Mwaka 1905 Mark Twain aliandika kitabu cha kumkejeli Leopold, akamfanya mfalme alalamike kwamba kamera ndiyo shahidi pekee ambaye yeye mfalme alishindwa kumhonga. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la dola ya Ubelgiji. Haukuwa uhuru, lakini utawala wa mtu mmoja juu ya nchi nzima ulikoma.

Je, picha ilishinda maneno? Msimulizi mwenye haraka atasema ndiyo, na methali imethibitika. Ila itazame picha ya Nsala kama mtu asiyeambiwa lolote. Unamwona mwanamume amekaa pembeni mwa baraza, uso kaugeuzia vitu viwili vidogo sakafuni. Unaweza kuipita. Vitu vile ni nini? Vya nani? Nani kavikata, na kwa amri ya nani? Picha haijibu hata swali moja. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hapa mwenye macho asipoambiwa, haoni. Waliotoka ukumbini wakilia walikuwa wameambiwa na mhubiri aliyesimama kando ya ile taa. Na maneno yake yalisimama juu ya ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, ya mwaka 1904, juu ya hesabu za meli za Kongo alizozifuatilia karani wa meli E. D. Morel, na juu ya ushahidi wa Wakongo wenyewe mbele ya tume ya uchunguzi. Bila picha, maneno ya Williams yalilala. Bila maneno, picha ya Harris ingekuwa fumbo.

Kwa hiyo picha si kuona kwenyewe. Aliyekuwapo Baringa alisikia sauti ya Nsala, alijua alikotoka, angeweza kumuuliza. Sisi tumepewa sehemu ndogo ya sekunde, kutoka mahali mpiga picha alipochagua kusimama. Picha ni masimulizi ya mtu mwingine yaliyovaa nguo za kuona. Inatupa moyo wa shahidi bila kutupa ujuzi wa shahidi, na hapo ndipo penye nguvu yake na hatari yake.

Hatari hiyo ilionekana mwaka 1993. Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini, alipiga picha huko Ayod, kusini mwa Sudan, ya mtoto aliyedhoofu kwa njaa, ameinamia ardhi, nyuma yake tai ametua. The New York Times lilipoichapisha, wasomaji waliliandama kwa swali moja: mtoto alikuwaje? Ikabidi gazeti lichapishe maelezo kwamba mtoto alipata nguvu za kuendelea na safari, ila haikujulikana kama alifika kituo cha chakula. Mwaka 1994 picha ilipata tuzo ya Pulitzer, na miezi michache baadaye Carter, aliyekuwa ameshutumiwa vikali na watu wasiowahi kukanyaga Ayod, alijiua. Miaka mingi ikapita ndipo waandishi wa Kihispania walipokwenda kule na kuambiwa na baba wa mtoto kwamba alikuwa mvulana, wala hakufa siku ile. Ulimwengu ulikuwa umemlilia kama msichana aliyeliwa na ndege. Machozi yalikuwa ya kweli, kisa kilikuwa cha kubuni, na tuliokibuni ni sisi watazamaji, kwa sababu picha haina jana wala kesho.

Karibu na kwetu alikuwapo mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kazi Dar es Salaam. Oktoba 1984 aliipeleka kamera yake Korem, Ethiopia, palipokuwa na njaa kali, na filamu yake ikarushwa na BBC pamoja na maelezo ya mwandishi wake Michael Buerk. Tume ya misaada ya Ethiopia ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari kwa maandishi tangu Machi mwaka huohuo, bila mwitikio wa maana. Baada ya filamu ya Amin, dunia ilifungua mikoba, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid. Musa na ndama wake tena: habari ilikuwapo, kilichokosekana ni jicho. Lakini vita vya Tigray na Eritrea, vilivyozidisha njaa ile, havikuweza kuonekana katika uso wa mtoto mwenye njaa. Watu wengi walichanga bila kujua kwa nini mashamba yalikuwa matupu, na hadi leo wapo wanaoisikia Ethiopia wakawaza mbavu za watoto tu. Picha iliyookoa maisha ndiyo hiyo iliyoifunga nchi nzima katika sura moja.

Neno halipigi ghafla hivyo, lakini linaingia pasipoingilika. Picha za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ni chache na hazisemi mengi: mwanamke aliyejitanda, katulia. Alivyotoka Fumba akiuza vyungu, alivyodharauliwa kwa sura yake na alivyoyageuza hayo kuwa heshima, tunajua kwa sababu Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Iko methali nyingine ambayo ni lazima isimame kando ya hii: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Leo ajali ikitokea barabarani, simu zinatolewa kabla ya majeruhi kutolewa. Dakika chache baadaye maiti ya mtu imeingia katika makundi ya WhatsApp, mke wake akiiona kabla hajapigiwa simu na hospitali. Anayetuma hujitetea kwamba anataka watu waone ili waguswe. Simwamini. Picha ya kwanza hugusa, ya kumi hutazamwa, ya mia hupitishwa kwa kidole huku mtu anakunywa chai. Siku hizi kuna pia picha zilizoundwa na kompyuta, za matukio ambayo hayakutokea popote, na picha za zamani zinazopewa tarehe mpya. Aliyesema kusikia si kuona alikuwa na jicho lake mwenyewe, macho haya ya picha za kutumiwa hakuyadhamini.

Basi, msomaji, ukitaka kutuma picha ya mateso ya mtu, andika kwanza ni nani, wapi, lini, na nani amekuruhusu. Ukishindwa kuyaandika hayo manne, iache. Na nyumbani kwenu, kama bibi bado yupo, mkalie na ile albamu ya zamani umuulize majina ya waliosimama mbele ya pazia la studio, kisha uyaandike kwa penseli nyuma ya kila picha. Fanya hivyo wiki hii.