Je, Mwenzi Wako Ana Hatia kwa Mawazo Yasiyomtoka?

Iko taabu moja ya ndoa ambayo wengi huona haya kuisema. Mke ananawa mikono hadi ngozi inabanduka, na bado anajiona mchafu. Mume anarudi kutazama kufuli mara ya tano, mara ya sita, huku matatu ikimwacha. Mwingine anaungama dhambi ileile kila juma, akihofu kwamba hakuisema sawasawa. Mwenyewe hujua kwamba hakuna maana, lakini hawezi kuacha. Huu ni ugonjwa: mawazo yanayong'ang'ania akilini, na matendo ya kurudiarudia ili kuyatuliza. Huwapata, wakati fulani wa maisha, kati ya mtu mmoja na watatu katika kila mia.

Tujiulize basi: mtu kama huyu ana hatia? Na mwenzi wake anadaiwa nini?

Kwenye vilima vya Manga, pale Kisii na Nyamira zinapopakana, maji ya chemchemi hupandishwa kwa jasho. Mke anayemaliza ndoo mbili kwa kunawa tu hawezi kujificha. Mama mkwe atasema ana kiburi. Jirani atanong'ona kwamba amerogwa, na ataanza kutafuta aliyemroga. Minong'ono ya namna hiyo si mchezo. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na kuchomwa moto kwa kudhaniwa kuwa wachawi.

Lakini Abagusii hao hao wana urithi mwingine. Walikuwapo mafundi walioitwa ababari, waliofungua fuvu la mtu aliyeumwa kichwa siku nyingi baada ya kupigwa au kuanguka. Hatumshauri mtu kuwatafuta leo. Ila wazee hao walijua jambo moja: kichwa ni kiungo, na kiungo huweza kuugua bila mwenyewe kutenda kosa.

Sayansi ya leo inasema nini? Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo juu ya macho, hutoa onyo kwamba kuna kasoro. Sehemu nyingine zilizo ndani zaidi husaidia kulichuja onyo hilo, nalo huzimika jambo likishafanyika. Kwa mgonjwa huyu onyo halizimiki. Amekwisha kufunga mlango, macho yameona, lakini kengele inaendelea kulia. Ugonjwa huu pia huandama baadhi ya koo kuliko nyingine, na dawa zinazogusa kemikali ya ubongo iitwayo serotonini huwapa wengi nafuu.

Hapo mwingine atasema: "Kama ni ubongo, basi nijitahidi kwa nini?" Mwaka 1992 watafiti wa Los Angeles, Marekani, walipima ubongo wa wagonjwa kabla na baada ya matibabu. Wengine walipewa dawa. Wengine walizoezwa kugusa wanachokiogopa na kuvumilia bila kunawa, mpaka hofu ishuke yenyewe. Katika waliopata nafuu, wa kundi hili na wa kundi lile, sehemu ileile ya ndani ya ubongo ilikuwa imetulia. Mazoezi ya mtu mwenyewe yaligusa pale dawa ilipogusa.

Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili. Mawazo kumjia mtu bila hiari si hatia yake. Hata Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 inafundisha kwamba hofu, mazoea na hali ya nafsi huweza kupunguza lawama au kuiondoa kabisa. Lakini kukubali tiba ni wajibu wake, kadiri ya nguvu alizo nazo.

Na wewe mwenzi wake? Usimcheke, wala usimsimulie kwa majirani. Lakini pia usiulishe ugonjwa. Anapokuuliza mara ya kumi, "Nimefunga?", nawe ukajibu, "Umefunga," unampa raha ya dakika chache, na kesho atauliza mara kumi na mbili. Huruma ya namna hiyo humfunga. Kaeni wakati wa utulivu mpatane, ikiwezekana mbele ya daktari: "Nitakujibu mara moja tu. Baada ya hapo nitakaa nawe mpaka hofu ipite." Msikate kila kitu kwa siku moja; anzeni na lililo dogo. Mwenye kuungama kupita kiasi achague padre mmoja, amweleze ugonjwa wake, na kumtii.

Nendeni pamoja hospitali, muulize kliniki ya afya ya akili. Mliahidiana kupendana katika afya na ugonjwa, na huu ndio ugonjwa wenyewe. Aliyeahidi hivyo hawezi kusema, "Hilo ni lako, lishughulikie mwenyewe."