Haizuru? Neno juu ya Vitamini za Wagonjwa wa Sukari

Liko neno moja katika luga yetu ambalo twalitumia kila siku pasipo kulipima, ni neno "haizuru". Mtu akikukanyaga mguu njiani na kuomba masamaha, wamjibu: haizuru. Mtoto akichelewa kurudi kutoka kisimani, mama asema: haizuru, leta maji. Maana yake ya asili ni kwamba jambo lile halileti hasara. Lakini kwa mazoea limekuwa kama kusema tu: basi, tuliache. Leo nataka, wasomaji wapenzi, tulipime neno hilo mahali ambapo limekuwa zito, yaani nyumbani kwa mgonjwa wa sukari, penye chupa za vitamini anazozimeza asubuhi na jioni.

Chupa hizo zinauzwa farmasini, zinauzwa sokoni, na mara nyingine zinaletwa mlangoni na jirani aliyeahidiwa kwamba akipata wanunuzi wengine naye atapata faida yake. Ndani mna vitamini C, D na E, vitamini za jamii ya B, kromi, magnezi, zinki, au unga wa mdalasini. Mgonjwa auliza: "Vitaniponya?" Muuzaji mwenye haya kidogo hatasubutu kusema ndiyo. Asema: "Jaribu tu, haizuru." Je, mtu aweza kusema neno hilo kwa zamiri safi? Na mgonjwa aweza kulipokea hivi hivi?

Tusianze kwa kuzitukana vitamini, kwani zimewaokoa watu wengi. Jina lao lilitungwa mwaka 1912 na mwana-elimu mmoja wa Polandi, Casimir Funk, akilitoa katika neno la Kilatini "vita", yaani uzima (si vita vya mikuki, ingawa wafanya biashara wamezigeuza kuwa vita vya kugombania wanunuzi). Hata kabla ya jina hilo, mwishoni mwa karne ya 19, mganga Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akifanya kazi katika kisiwa cha Java, mahali ambapo watu wengi waliugua beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu na kuuchosha moyo. Akaona kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana walianza kupepesuka, na walipolishwa tena mchele usiokobolewa hivyo wakapona. Katika zile pumba zilizotupwa mlikuwamo kitu ambacho leo twakiita vitamini B1. Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Lakini tuangalie vizuri kuku wale walipona kwa nini. Walipona kwa sababu walikuwa wamepungukiwa. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza: wasikia kwamba ukosefu wa vitamini unaua, wakafikiri basi wingi wake unaponya. Ndoo tupu yataka maji. Ndoo iliyojaa, ukizidi kuimiminia, maji yanamwagika sakafuni, na sakafu yenye maji huangusha watu.

Sasa ugonjwa wa sukari wenyewe si ugonjwa wa kukosa vitamini. Kinachokosekana ni insulini, kitu kinachotengenezwa na kongosho ili sukari iliyo katika damu ipate kuingia katika viungo na kuwapa nguvu. Ama inakosekana kabisa, ndiyo aina ya kwanza, ama mwili hauisikii vema wala haitoshi, ndiyo aina ya pili. Hakuna vitamini inayoweza kushika nafasi yake.

Walakini ziko nyakati ambapo mgonjwa wa sukari amepungukiwa na vitamini kweli kweli, na jambo hili sherti lisemwe kwa sauti ile ile. Wagonjwa wengi wa aina ya pili wanameza metformini. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, iliyojaribiwa miaka mingi. Lakini ikimezwa kwa muda mrefu, yaweza kuuzuia mwili usiipokee vitamini B12 iliyo katika chakula. Mwaka 2022 wakuu wa dawa wa Uingereza waliwakumbusha waganga kwamba upungufu huo hutokea mara nyingi, wakawashauri kupima damu ya wale wenye dalili zake. Nazo dalili ni zipi? Kuchoka, kukosa damu, na ganzi au kuchomwa-chomwa katika nyayo za miguu. Sukari nayo, ikikaa juu siku nyingi, inaharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi hiyo hiyo miguuni! Mgonjwa asema: "Ni sukari yangu", ananyamaza, kumbe pengine ni upungufu unaoweza kutibiwa kwa vidonge au sindano za B12. Tena vitamini hiyo inapatikana katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa; katika bugali wa muhogo, maharagi na sombe haimo. Mzee anayekula ndagala mara moja kwa mwezi, naye ameza metformini miaka kumi, ana sababu ya kweli ya kuuliza. Kwake yeye B12 si anasa.

Tukiisha kusema hayo, tutazame upande wa pili. Mwaka 2019 huko Marekani yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa juu ya vitamini D. Watu 2,423 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari waligawanywa katika makundi mawili: kundi moja lilipewa kila siku vitamini D ya vipimo 4,000, kundi lingine lilipewa vidonge vya mfano huo visivyo na kitu ndani, wala hakuna aliyejua amepata kipi. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, waliougua katika kundi la kwanza walikuwa 293, katika la pili 323. Tofauti hiyo ni ndogo, hata wataalamu hawakuweza kusema imetoka kwa vitamini au kwa bahati tu. Kromi na mdalasini navyo, chama cha wataalamu wa ugonjwa wa sukari cha Marekani hakiwashauri wagonjwa kuvitumia ili kushusha sukari, kwa sababu mashahidi hawatoshi.

Labda msomaji atasema: "Vema, havifai kitu, lakini kutofaa si kuzuru." Ndugu, sikiliza habari ya mwaka 2010. Katika Kanada wagonjwa wa sukari 238, ambao mafigo yao yalikwisha kuharibika, walijaribiwa kwa namna ile ile. Nusu yao walipewa vitamini za jamii ya B kwa wingi, yaani asidi foliki, B6 na B12, kwa matumaini ya kuyakinga mafigo. Yakatokea kinyume. Mafigo ya waliopewa vitamini yalipoteza nguvu upesi kuliko ya wengine, na mashambulio ya moyo na ya kupooza yakawa mengi zaidi kwao. Ona basi: B12 ile ile, inayomfaa mzee aliyepungukiwa, ilikuwamo katika mchanganyiko uliowaumiza watu wasiouhitaji. Hatuwezi kuuliza tu: kitu hiki ni chema au kibaya? Yatupasa kuuliza: ni chema kwa nani, kiasi gani, na katika hali gani?

Kuna na hasara nyingine za kimya. Vitamini C ikimezwa kwa wingi sana yaweza kudanganya baadhi ya vipimo vya sukari vya nyumbani, kipimo kikaonyesha sukari nyingi kuliko iliyopo. Anayejidunga insulini kwa kufuata hesabu hiyo aweza kuanguka na kuzimia. Vitamini B3 kwa wingi huweza kuipandisha sukari yenyewe. Na wakuu wa dawa wa Marekani wamekuta katika vidonge vingine, vilivyojiita vya majani matupu, dawa za hospitali za kushusha sukari zilizofichwa humo pasipo kuandikwa. Mwaka 2021 waliyaonya makampuni 10 kwa sababu ya kuuza vitu vya namna hii kama dawa ya sukari. Katika nchi hiyo, tangu sheria ya mwaka 1994, muuzaji halazimiki kuhakikisha mbele ya wakuu kwamba kidonge cha nyongeza kinafaa kabla ya kukipeleka sokoni. Basi chupa kuandikwa Kiingereza vizuri si ushuhuda.

Tena kuna feza. Tuseme mama mmoja ana sukari. Mume wake ni mfanya kazi wa mshahara mdogo. Watoto wanadaiwa minervali. Mwisho wa mwezi ananunua chupa mbili za vitamini, halafu vikaratasi vya kupimia damu vinakosa feza, na metformini inamezwa siku moja na kuachwa siku mbili ili ifike mwisho wa mwezi. Hakuna aliyemwibia. Ila chupa zile zimekalia kiti cha dawa. Na kama mgonjwa ni wa aina ya kwanza, akaiacha insulini kwa sababu ya chupa, hapo hatusemi tena habari ya hasara ndogo: asipoirudia upesi, atakufa. Wavumbuzi wa insulini walijua uzito huo. Mwaka 1923 waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki yao kwa dola 1 tu kila mmoja, ili isiwe mali ya mtu mmoja wa kujitajirisha.

Ni nani basi mwenye kujibu? Mgonjwa, kwa kweli, namhukumu kidogo sana. Anayezama hushika hata jani. Papa Pio wa 12 aliwaambia waganga mwaka 1957 kwamba mtu amefungwa kutumia njia za kawaida za kuilinda afya yake, kadiri ya hali ya watu, ya mahali na ya wakati, wala halazimiki kubeba mzigo usiopimika kwake au kwa wenzake. Nafikiri mafundisho hayo yanawafungua wengi: mama yule asione ni zambi kuuacha uchupa ambao jirani amesema "kama wapenda watoto wako utaununua". Kinachomfunga ni dawa yake, chakula chake, miguu yake aioshe na kuitazama kila jioni.

Muuzaji ndiye namwuliza zaidi. Anayejua kwamba anadanganya, kesi yake ni fupi. Walio wengi hawajui. Wao wenyewe waliuziwa, wakaamini, wakawauzia dada na shemeji zao. Lakini anayesema "haizuru" anajifanya shahidi. Shahidi aseme alichokiona. Je, ameuliza mgonjwa ana mafigo mazima? Ameuliza anameza dawa gani? Kama hakuuliza, hawezi kujua, na kutojua kunakoleta faida mfukoni si kutojua kwa mtoto mdogo.

Wengine hunijibu kwamba vidonge vile vinampa mgonjwa moyo, na kumnyima faraja ni ukali. Neno hili lina uzito, silidharau. Mtu aliyeambiwa kwamba ataishi na ugonjwa wake mpaka kufa ana haja ya kitu cha kushika mkononi. Lakini yafaa tuangalie tumaini linampeleka wapi. Linalompeleka kupima damu, kula kwa kiasi, kutembea kila asubuhi na mwenzake, ni tumaini. Lile linalomwambia "sasa unalindwa, usiogope" hata akaacha kwenda kupimwa, limemwondolea hofu tu na kuiacha hatari palepale.

Nimebakiza wale watoto wetu walioko Ubelgiji, Ufaransa au Kanada, wanaowatumia wazazi wao chupa hizo kila wanapopata msafiri. Upendo wao hauna shaka. Lakini kabla ya kununua, wapige simu wamwulize baba: wameza dawa gani, tangu lini, nyayo zako zina ganzi, mafigo yalipimwa lini? Pengine jibu litakuwa kwamba feza za kupimia damu, na za samaki kidogo kila juma, zingemfaa kuliko chupa. Na chupa ikiwa imekwisha kufika, baba asiifungue kwanza. Aichukue pamoja na karatasi zake na dawa zake nyingine zote, ampelekee mganga wa hospitali siku atakapokwenda kupimwa.