Kuonyeshwa Ziwa

Mtu anaweza kuwa mgeni kando ya maji yaleyale aliyoyaogelea utotoni. Mimi ni wa Kisumu, na kazi ndiyo iliyonileta Mwanza. Ziwa ni moja, dagaa wa Kirumba wananukia kama wa Dunga, lakini hapa nakaa kwa kibali chenye tarehe ya mwisho. Hali hiyo inanifanya nijiulize mara kwa mara ni nini hasa kinachomfanya mtu awe wa mahali fulani. Jibu nililo nalo leo nililipata juu ya mawe ya Isamilo, Jumamosi moja niliyoshinda huko na marafiki.

Vilima vya Mwanza havitishi kwa urefu. Fahari yake ni mawe, miamba ya matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambayo udongo uliokuwa umeyafunika ulisombwa na mvua, yakabaki yamepandana. Katikati ya mawe hayo watu wamejenga. Njia ya kupanda inapita nyuma ya majiko yao. Unaruka bomba la maji lililolazwa juu ya mwamba, unampisha kijana aliyebeba ndoo ya mchanga kichwani, kwa kuwa gari halifiki huko. Dada mmoja kati yetu, Msukuma wa Magu, hakumpita bibi hata mmoja bila kupiga goti na kusema "Mwangaluka", na kila bibi alitaka kujua yeye ni mtoto wa nani na sisi wengine tumetoka wapi. Mwenye haraka angefika juu upesi. Sisi tulimaliza asubuhi nzima njiani, na sioni tulichopoteza.

Tarehe 3 Agosti 1858 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alisimama kwenye kimojawapo cha vilima hivi, na wenyeji wengi hukitaja hiki cha Isamilo. Alikuwa amemwacha Burton, mkuu wa msafara wao, akiuguza afya yake Tabora. Aliitazama ghuba na visiwa vyake, akaamini hapohapo kwamba amekiona chanzo cha Nile, akalipa ziwa jina la malkia wake. Kuhusu Nile alikuwa sahihi, ingawa ubishi uliendelea hadi msafiri mwingine, Stanley, alipolizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875. Lakini anayenikaa mimi akilini ni mwenzake wa safari, Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, na bwana wake alipofariki akarudi Zanzibar akiwa huru. Speke alizungumza naye kwa Kihindustani, na maswali ya mzungu yalipita kinywani mwa Bombay kabla ya kuwafikia wenyeji. Walipouliza ziwa linaishia wapi, waliambiwa pengine linafika mwisho wa dunia. Speke alikuja na swali lake, akapata jibu alilolitaka, akaondoka baada ya siku chache. Bombay naye alikuwa mgeni kilimani pale, lakini mgeni ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza.

Juu tulikaa kwenye jiwe pana lililokwisha kupata joto. Mjusi mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu alikuwa pembeni akiinua na kushusha kifua, kana kwamba anatukaribisha kwake. Tulikula matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikawa vigumu. Unayamumunya kwanza, ndipo unatafuna, na karanga juu yake. Hapo ndipo wenzangu walipoanza kunyoosha vidole. Mmoja alionyesha njia ya feri ya Kamanga, akasema mama yake nusura ajifungulie humo. Mwingine alionyesha mapaa ya Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako mwanawe wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati wake, akaishi. Wa tatu alikawia. Kisha alielekeza mkono mbali ziwani. MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza, ilikuwa imembeba baba yake mdogo. Mamia walikufa, wengi wakazikwa pamoja Igoma, na familia yake haina kaburi la kusema hili ni lake. Kila mwaka tarehe hiyo wanakwenda Igoma na maua.

"Sasa na wewe unajua, kaka," aliniambia.

Nimeyawaza sana maneno hayo. Uzuri wa ziwa kutoka Isamilo ni wa kila mwenye macho, wala si haba, ila uzuri haumdai mtu chochote. Ukishaonyeshwa, unadaiwa kukumbuka. Serikali imenipa ruhusa ya kukaa, lakini rafiki yangu alinipa tarehe, na ikifika 21 Mei siwezi tena kuamka kama mtu asiyejua siku hiyo ni siku gani. Wako watakaosema huo ni mzigo wa kumtwisha mgeni aliyekwenda kupunga hewa. Mzigo ni kweli, nami naupenda. Nimewahi kuishi kwenye miji ambayo hakuna aliyenitwisha kitu, na leo nikiitaja siwezi kusema nilikuwa wa huko.

Ndipo nami nikapata cha kuonyesha. Bandarini ilitia nanga MV Victoria, meli iliyoanza safari zake Kisumu mwaka 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli hiyo ikabaki Tanzania, na leo ni meli ya watu wa Mwanza na Bukoba kwa haki kabisa. Babu yangu alikuwa kibarua kwenye gati la Kisumu ilipoanza safari hizo. Nilipolisema hilo, wote walinigeukia. Aliigusa? Alifanya kazi na nani? Kazi gani hasa? Alitusimulia tukiwa wadogo, lakini majibu kamili anayo mjomba.

Wanataka kuja Kisumu Desemba. Nimeshampigia mjomba simu. Tutatangulia sisi wawili kupanda vilima vya Riat, bandari ikiwa kule chini, anionyeshe gati alilofanyia kazi babu, na anitajie majina ya wenzake wote anaowakumbuka.