Je, ni Vema Mtoto Wetu Asomee Sheria za Jinai?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakisha kutangazwa, swali moja huingia katika nyumba nyingi za Bunia. Kijana amefaulu, naye ataka kwenda chuo kikuu. Akitaja udaktari, wazazi hufurahi. Akitaja kilimo, hukubali, ingawa kwa kunung'unika kidogo. Lakini akisema ataka sheria, na hasa ile sehemu ya makosa ya jinai, yaani mambo ya polisi, parke, tribinali na gereza, hapo baba hukaa kimya, na mama huuliza kama mwanawe ataka kula mkate wake kwa kuwatetea wezi na wauaji.

Wasomaji wapenzi, tusiwacheke wazazi hao. Katika nchi nyingine mtu aweza kujifunza habari za uhalifu kama anavyojifunza habari za nyota, jambo lililo mbali na nyumba yake. Hapa Ituri sivyo. Tangu vita vya mwaka 1999 ni chache nyumba zisizo na mtu wa kulilia. Kijana akifungua kitabu cha sheria na kusoma maneno "kuua kwa kukusudia", labda akumbuka kaburi la babu yake. Au, na hilo ni zito zaidi, akumbuka jamaa yake mwenyewe aliyeshika silaha. Basi twauliza: je, ni vema? Tena, je, yawezekana?

Kwanza tutazame wanafundishwa nini. Wengi hudhani ni hesabu ya adhabu tu: kosa hili miaka mitano, kosa lile miaka kumi. Hayo yamo, katika Kodi ya jinai ya 30 Januari 1940, iliyotungwa zamani za Wabelgiji na kutiwa viraka mara nyingi tangu hapo. Lakini sehemu iliyo bora, kwa maoni yetu, ni ile ya utaratibu: amri ya 6 Agosti 1959, pamoja na Katiba ya 18 Februari 2006. Humo kijana husoma kwamba aliyekamatwa na polisi hawezi kuwekwa zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Husoma kwamba kila mshitakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Kisha atoka darasani, apita karibu na gereza la Bunia, lililojengwa kwa ajili ya watu 220 hivi na ambalo limepata kubeba zaidi ya elfu moja, wengi wao wakingoja tu kuhukumiwa. Mwanafunzi mwenye macho hana haja ya mwalimu mwingine siku hiyo.

Juu ya yote hufundishwa namna ya kujua kweli ya jambo lililotendeka. Hapo twakumbuka habari ya Susana katika kitabu cha nabii Danieli. Wazee wawili, waamuzi wenye heshima, walimshuhudia uongo, na mkutano wote ukamhukumu afe. Watu walikuwa wamekwisha kujua. Nani angebishana na wazee? Danieli, kijana tu, hakulia wala hakuomba huruma. Aliwatenga wale wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake aliwaona chini ya mti gani. Huyu alitaja mti huu, yule alitaja mti mwingine, na mwanamke akaokoka. Swali dogo kabisa, la mti! Masomo haya, ukiyavua majina yake makubwa, ni kujifunza kuuliza habari ya mti.

Lakini mtu atatuambia: Susana hakuwa na kosa, ni rahisi kumtetea. Je, yule ambaye sote twajua amefanya?

Hapa hatutaki kukwepa, kwa maana jambo hili limetupata. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, katika njia iendayo Kasenyi ziwani, kilishambuliwa, na raia wengi wakauawa, wanawake na watoto wakiwamo. Baadaye watu wawili walishitakiwa kwa ajili ya Bogoro katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, nchi ya Uholanzi. Germain Katanga alionekana na hatia mwezi wa Machi 2014, akapewa miaka 12, ingawa kwa baadhi ya mashtaka aliachiliwa. Mwenziwe, Mathieu Ngudjolo Chui, alikuwa ameachiliwa kabisa tarehe 18 Desemba 2012, na rufaa ikathibitisha hivyo mwaka 2015. Waamuzi walieleza kwamba kumwachilia mtu si lazima kuwe kusema hakutenda. Ni kusema kwamba mashahidi waliosikiwa hawakutosha kuondoa shaka.

Neno hilo liliwachoma wengi, wala hatushangai. Mama aliyepoteza watoto apate faida gani katika neno "shaka"? Hatuna jibu la kumfuta machozi, na yeyote asemaye analo twamwogopa. Lakini twasema hivi. Katika Ituri yetu kila kijiji chajua. Wahema wajua ni nani aliyewaua, Walendu nao wajua ni nani aliyewaua wao. Na mara nyingi anayejulikana huko kuwa mwuaji, huku huitwa mlinzi wa watoto wetu. Kujua kwa namna hiyo hakukuzuia vita, bali kulivilisha. Ikiwa "sote twajua" ndiyo sheria, basi hukumu itamfuata yule mwenye bunduki nyingi siku ile. Waamuzi waliokubali kusema "hatujathibitishiwa" mbele ya maiti za Bogoro walifanya jambo chungu, nasi twaamini lilikuwa jambo la haki. Ndiyo maana anayemtetea mtuhumiwa si mwenzi wake katika dhambi. Yeye humlazimisha mshitaki aonyeshe, asiseme tu.

Tena mshitaki naye huhitaji kulazimishwa. Katika kesi ya Thomas Lubanga, aliyeonekana na hatia mwezi wa Machi 2012 kwa kuwatia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita, waamuzi waliisimamisha kesi nzima mwezi wa Juni 2008, kwa sababu upande wa mashtaka ulishika karatasi ambazo pengine zingemsaidia mshitakiwa, nao haukumpa. Wengi Bunia waliona ni mzaha. Sisi twaona mwanafunzi wa sheria angefaa akae juma zima juu ya jambo hilo moja, kwa maana hukumu iliyokuja baadaye ilisimama imara kwa sababu mlango ule ulikuwa umefungwa.

Wako pia wasemao kwamba masomo haya hayana kazi hapa, kwa kuwa tangu 6 Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya amri ya kijeshi, na raia wakapelekwa mbele ya waamuzi wa jeshi kwa makosa ya jinai. Ni kweli hilo liliwavunja moyo vijana wengi. Lakini ilikuwa tribinali ya kijeshi ya papa hapa Bunia iliyothubutu, mwaka 2006, kuitumia Sheria ya Roma moja kwa moja ili kumhukumu kapteni wa jeshi lenyewe. Aliyesoma vema hupata nafasi hata palipobana.

Liko jambo moja ambalo mwana wa Kanisa atakutana nalo darasani na halitakuwa jepesi. Sheria ya nchi ingali na adhabu ya kifo, na mwezi wa Machi 2024 Serikali iliondoa kizuizi cha tangu 2003 kilichofanya isitekelezwe. Kanisa, kwa neno la Papa Fransisko la mwaka 2018 lililoingizwa katika Katekisimu, lafundisha kwamba adhabu hiyo haikubaliki. Basi akiwa mshitaki wa parke atafanyaje? Aijue sheria hiyo, ndiyo. Hata mtetezi hawezi kuipinga asipoijua. Lakini kusimama na kuomba mtu auawe, hatuoni Mkristo atalifanyaje hilo na moyo wake ukabaki mzima, hata kama kuacha kutamgharimu cheo.

Sasa tufike kwenye lawama iliyo nzito kuliko zote, nayo ni fedha. Wazazi husema: wakisha kusoma huuza haki sokoni kama samaki. Hatuwezi kulikana hilo. Diploma haimfanyi mtu mnyofu. Humpa mwenye hila maneno mengi ya kujifichia. Lakini tuulize hila hiyo yatoka wapi. Baba ameuza ng'ombe wawili ili kijana asome miaka mingi. Siku apatapo kazi parkeni, jamaa wote wamfuata. Mmoja ataka binamu aachiliwe leo hii. Mwingine ataka jirani wa shamba afungwe juma moja, "ili ajifunze". Akikataa, husemwa amesahau alikotoka. Kabla hajajaribiwa na mtu wa nje, amekwisha kujaribiwa mezani kwa mama yake.

Kwa hiyo baba anayeuliza kama mwanawe asomee sheria za jinai, sisi twamjibu: ndiyo, asome. Lakini siku ya kumlipia karo amwambie waziwazi kwamba ng'ombe wale hawadaiwi. Na akimaliza mwaka wa kwanza wa kazi bado anatembea kwa miguu, wakati wenzake wamekwisha kununua pikipiki, jamaa wasimcheke kwenye misa ya Jumapili.