Yowe na Shahidi Wake

Mtu apigaye yowe katika muziki wa metali, kama alivyofanya marehemu Chuck Schuldiner wa kundi la Death katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1987, humkabilisha fundi wa studio na suali ambalo, kwa dhati yake, ni la kifalsafa: je, shahidi asikiaye zaidi ndiye msema kweli zaidi?

Shahidi wa kwanza, maikrofoni ya Neumann U 87, iliyotoka mwaka 1967, hunasa sauti kwa utando mwembamba mno uliokabiliana na bamba lenye chaji ya umeme, nayo hupokea kila kitu: mate, meno, mwangwi wa ukuta, na ukali uchomao sikio. Katika shahidi wa pili, maikrofoni ya Shure SM58, ya mwaka 1966, utando husukuma koili ya waya ndani ya uga wa sumaku. Kwa uzito wa koili hiyo huitika polepole, husitiri mengi, na mwimbaji aweza kuishika mkononi, akainama nayo, akatembea, jambo nilionalo kubwa kuliko hesabu zote za masafa.

Wako wasemao kwamba kusitiri ni kudanganya. Siafiki. Ghadhabu na huzuni hazimo katika mate, zimo katika kifua kisukumacho pumzi, na chombo kimwachacho mtu huru na mwili wake kimeihifadhi amana hiyo vyema kuliko kile kimtakacho asimame wima, akijichunga. Lakini kuufumbata wavu wa maikrofoni kwa kiganja, kama wengi wafanyavyo, sikukubali: matundu ya nyuma huzibika, sauti ikavimba, na maneno, ambayo ndiyo nia ya mwenye kuyatamka, yakapotea.