Jina na Mwenye Jina

Samaki sokoni hujulikana kwa kichwa chake. Kikishakatwa, mnunuzi hubaki na neno la muuzaji tu. Pomboo si samaki, ni mnyama anyonyeshaye, walakini akishakatwa vipande naye hana tena pua wala pezi la kumshuhudia.

Mwaka 1993 wataalamu Scott Baker na Stephen Palumbi walilifuatilia jambo hili huko Japani. Nyama iliyouzwa madukani kwa jina la nyangumi ilinunuliwa. Kwa kuwa mkataba wa kimataifa hauruhusu nyama ya wanyama hao kuvushwa mipaka bila kibali, kazi ilifanyika papo hapo, chumbani hotelini, kwa mashine ndogo inayonakili kipande cha DNA mara nyingi sana. Nakala zile si nyama, nazo zilisafiri bila kuvunja sheria. Herufi zake zikasomwa na kulinganishwa na za wanyama wanaojulikana. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1994, vipande vingine vilionekana kuwa vya nyangumi waliokatazwa kuwindwa. Vingine vilikuwa vya pomboo, na vya wale ndugu zao wenye meno bapa ambao lugha yetu haikuwatenga kwa jina.

Niliposoma habari hizo nilishangilia, kisha nikanyamaza.

Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, palibandikwa ukutani barua ya matusi isiyo na jina. Nilikusanya madaftari, nikalinganisha mwandiko usiku kucha, nikamfukuza mwanachuo mmoja. Sikuwa na shaka hata chembe. Baada ya miaka minne mwandishi wa barua ile alinijia mwenyewe nyumbani, akakiri.

Utasema, msomaji, kwamba mwandiko si DNA. Ni kweli. Lakini DNA nayo haitamki jina. Husema tu kwamba huyu anafanana na yule. Jina hutoka katika orodha tuliyoiandika sisi. Chukua pomboo wa Kizimkazi, Unguja, wale wanaofuatwa na watalii kwa mashua. Ehrenberg alimpa mnyama huyo jina lake mwaka 1833. Baadaye wataalamu wengi, watu wenye macho na mafuvu mezani, wakamhesabu kuwa aina moja na yule pomboo mkubwa zaidi aliyeenea katika bahari nyingi. Hata mwaka 1999 uchunguzi wa DNA ulipochapishwa, ndipo ilipodhihirika kuwa ni aina mbali. Mtu ambaye angelinganisha kipande cha nyama na orodha ile ya zamani angepewa jibu la uhakika, nalo lingekuwa kosa.

Hapo ndipo panaponisumbua. Kosa likishaingia katika orodha, kila kipimo kinachofuata hulirudia kwa adabu zote, na kadiri kipimo kinavyosifiwa ndivyo kosa linavyoheshimika. Kwa hiyo naona wajibu wa mwenye kuandika orodha ni mzito kuliko wa mwenye mashine, ingawa sifa huenda kwa mwenye mashine.

Yule kijana nilimwandikia barua ya kumwomba radhi. Ilirudi, alikwisha hama. Faili lake lilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka kiti changu, na ndani yake sababu ya kufukuzwa kwa mwandiko wangu. Nilikaa ofisini ile miaka sita zaidi kabla ya kustaafu. Sikulifungua.